Makoti Thelathini na Mawili

Waraka wa afisa utumishi ulikuwa mfupi na haukuwa na haya. Kila idara ifanye tathmini ya wafanyakazi wake kabla ya Ijumaa saa sita mchana, na katika kila idara lazima mtu mmoja apewe alama ya "hairidhishi". Atakayeipata, mkataba wake hautaongezwa. Haukusema lolote kuhusu idara ambayo watu wake wote wanafanya kazi vizuri. Bila shaka aliyeutunga alizoea kufanya kazi na makabati.

Msimamizi wa dobi la hospitali aliusoma akiwa amesimama kati ya mashine mbili zilizokuwa zikizungusha mashuka. Akausoma tena, akaukunja, akautia mfukoni. Alikuwa na watu wanne. Wanne tu, na mmoja amtoe kafara.

Akaanza kuwapima, na hapo ndipo aibu ilipoanzia, maana hakuwapima kwa kazi. Aliwapima kwa midomo. Binti wa kukunja nguo, waliyembandika jina la Redio, hakufaa, kwani hospitali nzima ingejua kabla fomu haijafika ghorofani. Mpiga pasi hakufaa, maana shemeji yake alikuwa mhasibu mkuu, na nani ana ubavu wa kugombana na mhasibu mkuu? Mbeba mafurushi, jitu la miraba minne, naye hakufaa, kwa sababu akiondoka mzigo wa wodi ya upasuaji ungemwangukia msimamizi mwenyewe. Akabaki Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa hakuwa dada wa mama wa mtu yeyote pale, ila wote walimwita hivyo, hata madaktari. Kazi yake ilikuwa kuchambua nguo chafu kabla hazijaingia mashineni, za damu huku, za mafuta kule, na kila mfuko kuukagua. Ndiye aliyempokea msimamizi miaka kumi na miwili nyuma, alipokuja kuanza kazi hajui hata kukunja shuka peke yake. Alimfundisha kwamba damu hufuliwa kwa maji baridi, na kwamba mashine ikianza kugonga unaizima kwanza, maswali baadaye. Sasa alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Na hakuwa mtu wa kulalamika. Hilo ndilo lililomponza.

"Atapumzika," msimamizi alijiambia. "Magoti yenyewe yanamsumbua." Alijiambia hivyo akipanga sabuni, akajiambia tena akila chakula cha mchana, na kufika saa tisa alikuwa bado anajiambia.

Shida ikawa fomu. Kwa kila alama ya chini, fomu ilidai mfano halisi wa tukio, pamoja na tarehe. Alijifungia kwenye stoo ya sabuni iliyokuwa pia ofisi yake, akafungua faili la Mama Mkubwa na kuanza kuwinda kosa. Hakuna siku aliyochelewa. Hakuwahi kumjibu mtu vibaya. Miaka ishirini na mitatu ya kazi, na humo ndani barua moja tu ya onyo. Msimamizi alijua ipo hata kabla hajagusa faili. Kurasa nyingine alikuwa akizifunua ili ajione anatafuta.

Ilikuwa barua ya makoti. Miaka miwili iliyopita, wiki yake ya kwanza ya usimamizi, akiwa bado katika majaribio, aliinama ndani ya mashine kuangalia kama makoti ya madaktari yamepangwa sawasawa. Dobini ni mtu mmoja tu aliyetembea na kalamu kwenye mfuko wa shati, naye ni msimamizi. Saa moja baadaye makoti thelathini na mawili yalitoka yana mabaka ya wino wa buluu, mengine mgongoni, mengine kifuani. Alishika mfuko wake. Ulikuwa mtupu. Alielewa palepale, hakuhitaji kuelezwa.

Mkuu wa hospitali alishuka mwenyewe, koti moja mkononi, akiuliza ni kazi ya nani. Msimamizi alifungua mdomo. Lakini Mama Mkubwa alimtangulia. "Ni mimi, bwana mkubwa. Sikukagua mifuko vizuri." Na msimamizi, mwanaume mzima mwenye ndevu zake, akaufunga mdomo na kutazama sakafu. Siku hiyo ikapita. Wiki ikapita. Kalamu haikuonekana tena. Hawakulizungumza jambo lile hata mara moja, na yeye akajishawishi kwamba huenda kweli ilikuwa kalamu ya daktari fulani. Alijishawishi miaka miwili na hakuamini hata siku moja.

Sasa akaandika: "Alishindwa kukagua mifuko, akasababisha uharibifu wa makoti thelathini na mawili." Aliona vibaya sana kuandika hivyo. Akaandika, hata hivyo, na kwa mwandiko mzuri.

Alhamisi asubuhi akawaita mmoja mmoja, kila mtu na fomu aliyojipimia mwenyewe. Redio alikuwa amejipa tano juu ya tano kila mahali, na pale penye "usiri" akajipa tano na kuipigia mstari. Msimamizi alimtazama.

"Nini sasa?" Redio akasema. "Kuna siri yako yoyote umeisikia mtaani?"

Mpiga pasi alikwama kwenye "ubunifu". "Bosi, shuka lina kona nne. Nibuni ya tano?" Mbeba mafurushi yeye alisema tu chochote alichoandikiwa ni sawa, bora kiti kisivunjike. Msimamizi alicheka nao, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha kukopa.

Mama Mkubwa aliingia wa mwisho. Alikuwa amenawa mikono mpaka viwiko na kubadili sare, amevaa ile ya akiba iliyopigwa pasi. Akakaa polepole kwa ajili ya magoti, akaweka fomu yake mezani kwa mikono miwili.

"Nimejipa tatu tatu, mwanangu," alisema. "Sikutaka kujisifu. Ila hapa penye 'kufundisha wengine' nimejipa tano." Akatabasamu. "Hiyo ni kwa ajili yako. Mtu akiuliza, nitamwonyesha wewe."

Msimamizi alitamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake. Lakini utaratibu ulisema msimamizi asome kwa sauti, basi akasoma. Alisoma haraka, macho kwenye karatasi, tarehe, mifuko, makoti, halafu ile alama. Nje mashine ilimaliza mzunguko wake na kunyamaza, na sauti ya msimamizi ikasikika kubwa kuliko alivyotaka.

"Hairidhishi," Mama Mkubwa alirudia. "Ndiyo ile ya kuondoka?"

"Ndiyo hiyo, mama. Wametulazimisha. Lazima awepo mmoja."

Mama Mkubwa alipangusa vumbi la sabuni ambalo halikuwepo mezani. "Basi," alisema. "Makoti yaliharibika, hilo halina ubishi. Na mimi nilisema kwa mdomo wangu. Wewe ungeandika nini kingine? Nitie sahihi wapi?"

Alitia sahihi. Kisha akaona nafasi ya maoni ya mfanyakazi, akairudisha fomu. "Hapa niandikie wewe, maneno ya kiofisi siyawezi. Andika: nimekubali. Andika na hii: namshukuru msimamizi wangu, hajawahi kunionea."

Msimamizi aliandika "nimekubali". Akaandika "namshukuru". Alipofika "hajawahi" mkono uligoma. Machozi yalimjaa, akayaonea aibu hata hayo, maana hayakuwa na haki ya kuwepo.

"Mama," alisema. "Ile kalamu ilikuwa yangu."

"Najua," alijibu kwa upole, kama anayembembeleza. "Niliikuta kwenye mpira wa mlango wa mashine, nikaifunga kwenye gazeti nikaitupa. Ulikuwa na wiki moja kwenye cheo. Nikasema, huyu akijua ni yeye atafadhaika, hatainua kichwa tena mbele za watu. Bora asijue."

"Nilijua, mama."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nilishika mfuko nikakuta mtupu. Kabla mkuu hajashuka."

Mama Mkubwa alimtazama. Hakumtazama kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira, angejua pa kujificha. Alimtazama kama anavyotazama shuka lililorudi kutoka mashineni na doa lake.

"Miaka miwili nakuonea huruma," alisema. "Napita hapa nasema, masikini, hajui. Kumbe ulikuwa unajua na unanisalimia."

"Nisamehe, mama."

"Lete hiyo kalamu."

Mama Mkubwa aliyakata kwa mstari maneno aliyoandikiwa. Akaandika yake mwenyewe, herufi kubwa kubwa, akiinamia karatasi. Kisha akasimama kwa kushika meza, akakataa mkono alionyooshewa, akarudi kwenye nguo zake chafu.

Alikuwa ameandika: "Nilidhani hajui."

Ijumaa, saa sita kasoro robo, msimamizi alipanda ghorofani na fomu nne. Hakuwa amelala. Afisa utumishi alizipokea bila kumkaribisha kiti, akachomoa ile ya "hairidhishi" kwanza, akaipitia huku muhuri ukiwa tayari mkononi. Akakunja uso.

"Maoni gani haya? 'Nilidhani hajui.' Nani hajui? Hajui nini?"

Jibu jepesi lilikuwepo, limekuja lenyewe mpaka kwenye ncha ya ulimi. Mzee yule, si unajua wazee. Afisa angetikisa kichwa, angegonga muhuri wake, na lingeishia hapo. Msimamizi alilisikia jibu lile na akajichukia, kwa sababu hata baada ya yote ya jana bado lilimpendeza.

"Ni mimi," alisema. "Kalamu iliyoharibu makoti ilikuwa yangu. Nilijua, nikanyamaza. Halafu nikaja kumwandikia yeye."

Afisa aliweka muhuri chini. Alimkagua juu mpaka chini, kisha akatazama saa ya ukutani, maana hakupenda mambo yanayozidi saa sita.

"Alama hiyo lazima iwe na mtu. Nikiifuta kwake, inakwenda kwa nani?"

"Na mimi ni wa idara hiyo hiyo. Nipe fomu nyingine."

"Wewe ni msimamizi. Umefikiria watoto wako?"

Alikuwa amewafikiria usiku kucha. "Nipe fomu," alisema.

Akapewa. Akaijaza palepale, amesimama, kwenye kona ya meza ya mtu mwingine. Tathmini nzima ilimchukua dakika mbili, mpaka alipofika penye mfano halisi wa tukio, pamoja na tarehe. Walikuwa wameacha mistari mitatu. Akaomba karatasi ya ziada.