Nafasi Tano za Bima

Bima ya zahanati ilipanda tena, na Mwanamwema akatoa matusi ambayo hata makuli wa bandari ya Kismayu, wateja wake wa bajia, hawakuwahi kuyasikia. Mwaka juzi ilipanda, mwaka jana ikapanda, na safari hii pesa ile ile iliyokuwa ikiwatosha watu sita ilitosha watano tu. Nyumbani walikuwa sita: yeye, mumewe Mahmudi, mama mkwe Bi Mwanalima, na watoto watatu. Kufikia Alhamisi jina moja litolewe, na huyo akiumwa atajijua mwenyewe.

Watoto hawakuguswa. Kwa wakubwa ndiko kulikowaka moto, maana kila mmoja alijidai ana afya ya punda.

"Nitoeni mimi," alisema Mahmudi, ambaye kwa kubeba magunia ya mchele bandarini, siku hizi hata kuinama kufunga viatu alikuwa akiguna. "Mimi chuma."

"Chuma chenye kutu!" akadakia Bi Mwanalima. "Nitoeni mimi. Mchu wa Kudhaa, mtu wa kisiwani kwetu, haumwi ovyo."

Na watu wasidhani anatania, akanyanyua dumu la maji lililojaa, akazunguka nalo uani mara mbili, mtandio umemteleza mpaka machoni. Ajuza wa miaka sabini, anayechomwa sindano ya kisukari kila asubuhi! Mwanamwema alimpokonya lile dumu.

"Hatoki mtu hapa mpaka niseme mimi!"

Kumbe alishaamua zamani. Vidonda vyake vya tumbo alikwishavizoea. Vikimsumbua hunywa maziwa akaendelea na kazi. Jumatano akaacha karai lake la bajia kwa jirani, akaenda zahanati kwa Sabir, karani wa bima.

"Nifute mimi."

Sabir akacheka, tena bila adabu. "Dada, umechelewa. Mumeo alikuja jana asubuhi, akaniapisha nisimwambie mtu. Adhuhuri akaja mamake, kiapo kile kile. Wewe sikufuti kabisa, kadi ya bima ina jina lako, na mwenye kadi hatolewi."

Akamwekea fomu mbili mezani, moja ina saini ya Mahmudi, nyingine alama ya dole gumba la Bi Mwanalima. Zilikuwa hazijapelekwa bado. Angeweza kuchana moja, na mwenye fomu hiyo akarudi kwenye kadi.

"Nachana zote mbili."

"Mtakuwa sita, dada. Bei ya sita unaijua."

Lo! Mwanamwema akalipuka. Alimsema Sabir, akaisema zahanati, akawasema wenye zahanati na magari yao, mpaka wagonjwa kwenye foleni wakawa wanaitikia. Sabir akanywea kitini.

"Usinigombeze mimi," akasema taratibu. "Na mimi nimemtoa kaka yangu."

Mwanamwema aliishika fomu ya mumewe muda mrefu, akaiweka chini. Kisha akachana ile ya dole gumba, na moyo ulimuuma kweli kweli.

Aliporudi aliwakalisha wote wawili mkekani, akawafokea. Siri gani hizi za kwenda kichinichini? Wamemfanya yeye mjinga?

"Mama, umerudishwa na sindano zako. Wewe, Baba Hanan..."

Mahmudi akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Niliogopa utanichagua mimi nibaki kwenye kadi." Kisha akamtazama kwa pembe ya jicho. "Ila niambie, Mama Hanan. Wewe ulifuata nini kule?"

Bi Mwanalima akaangua kicheko, akajipiga mapaja. "Kakamatika huyo! Kakamatika!"

"Nyamazeni!" Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakujishughulisha kuyafuta. Akamnyooshea mumewe kidole mpaka karibu na pua. "Nisikilize vizuri. Ukithubutu kuumwa mwaka huu, wallahi nitakuua kwa mkono wangu."