Kombi Inayonuka Papa

Mguu wangu wa kulia ulipotoboa sakafu ya kombi na kuning'inia nje, mbele ya mlango wa bwana harusi, nilikuwa nimeshika sikio moja la sufuria ya biriani ya watu themanini. Biriani haikumwagika. Hilo nataka lijulikane kwanza, kwa sababu mtaani kwetu Kibokoni watu wanapenda kuongeza chumvi, na zipo nyumba ambazo hadi leo zinasimulia kwamba mchele uliokotwa barabarani. Uongo mtupu! Nilisimama vile vile, mguu mmoja ndani na mmoja nje, nikapiga kelele mpaka wakaja vijana wanne. Wakaipokea sufuria, kisha ndipo wakanipokea mimi.

Jina langu Mwanakuu, na kupika harusi ndiyo kazi yangu, mwaka wa thelathini na moja huu. Kombi ilikuwa ya marehemu mume wangu, Khubaib. Ina umri mkubwa kuliko mwanetu Badawi, na Badawi mwenyewe sasa ana mvi za kidevuni. Khubaib aliipenda mpaka ikaniudhi. Alikuwa akinunua mafuta ya papa, yale wanayopaka mafundi wa vyombo vya baharini ili mbao zisioze, akaja kuipaka gari. Hebu fikiria! Mke mpishi wa harusi, na gari la kubebea chakula linanuka papa. Tuligombana mno. Siku moja tena nikamkuta anaiosha kwa maji matamu, maji ya kununua, na sisi nyumbani tunakoga ya kisima. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Akacheka, akasema, "Basi, Mwanakuu, nimeacha." Akaacha maji, lakini mafuta hakuacha.

Alipofariki, miaka tisa iliyopita, nilikaa eda yangu nikamaliza, na kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa kuisugua kombi ile mpaka harufu ikaisha. Nikajifunza kuiendesha mwenyewe. Tangu hapo sijakosa Ijumaa hata moja: natoa vitu vyote, nafunua raba ya sakafuni, naosha ndani kwa brashi na sabuni. Mtu asije akaniambia sikuitunza gari ya mume wangu.

Badawi ni wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, na ana tabia ya kusema na mamake kama anayesema na afisa wa forodha. "Mama, kombi imekwisha," akaniambia jioni ya ule mguu. "Kesho nawaita wanunuzi wa chuma chakavu."

"Waite," nikamwambia, "na waniuze na mimi humo humo ndani."

Tukavutana mpaka jirani akazima redio yake ili atusikie vizuri. Mwisho tukapatana. Kombi itapelekwa kwa fundi, itavuliwa kila kitu cha ndani. Zile boriti za chuma zinazobeba sakafu zikionekana zimeoza, inauzwa, nami nanyamaza. Zikiwa nzima, itatengenezwa, na Badawi hatafungua tena kinywa chake juu ya kombi maisha yake yote. "Lakini fundi nitamchagua mimi," akasema. "Wewe utanitafutia wa kukupendeza." Nilikubali kwa ulimi tu. Nguo za Khubaib nilikwisha kuzitoa sadaka, saa yake ilisimama, na sauti yake naisahau kidogo kidogo. Kombi ndiyo kitu pekee chake ambacho bado kilikuwa kinatembea.

Gereji aliyoichagua iko upande wa Kibarani. Nikafika, nikamkuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ovaroli mwilini, mtandio umefungwa vizuri kichwani, buibui lake limetundikwa msumarini.

"Fundi yu wapi?" nikauliza.

"Ndiye mimi, Bi Mwanakuu. Shikamoo. Naitwa Mejumaa."

Nikaitikia marahaba kwa pembe ya mdomo. Nikamwangalia kucha zake, zina hina. "Lo! Mimi nilitaka fundi, mwanangu kanitafutia bibi harusi."

"Hina haizuii spana," akasema, akafungua mlango wa kombi. Hakukasirika, na hilo likanikasirisha zaidi. Nikaomba kigoda, nikakaa hapo hapo nimlinde asije akaharibu.

Sasa nitasema kweli, kwa maana kinywa changu hakina pazia kwa mabaya na hakitakuwa nalo kwa mazuri. Sijawahi kuona mikono kama ile. Alipanga makopo matupu ya maziwa ukutani, kila kopo akaliandika kwa wino: kiti cha nyuma kulia, kiti cha nyuma kushoto, mlango, dari. Kila nati iliyotoka iliingia kopo lake. Nati ikikataa hakuipiga nyundo, wala hakuitukana kama wafanyavyo mafundi wa mjini kwetu. Aliitilia mafuta, akaiacha, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi aliigusa, ikazunguka. Mimi nikajisemea moyoni, huyu anajua. Hata wali ukitiwa moto wa chini na wa juu huachwa, haukorogwi na mtu mwenye pupa.

Vikatoka viti. Zikatoka mbao za ubavuni, bitana ya dari, raba. Chini ya kiti cha nyuma ikapatikana mwiko niliomshutumu binamu yangu kuniibia, na gololi moja ya Badawi ya utotoni. Gololi nikaitia mfukoni. Habari ya mwiko tuiache.

Siku ya pili alipiga magoti sakafuni na brashi ya waya. Kutu ilibanduka vipande vipande kama ukoko. Akaangalia kipande kimoja, akakigeuza, akakigusisha ncha ya ulimi, akatema.

"Bi Mwanakuu, magari mengi huoza kwa chini, kwa maji ya barabarani. Hili limeliwa kwa juu, kutoka ndani. Huwa mnaliosha kwa maji gani?"

"Ya kisima cha nyumbani. Ndoo nne kila Ijumaa, kwa mkono wangu huu."

"Kisima cha maji ya chumvi?"

"Kisima gani cha Kibokoni si cha chumvi?" Nikahisi moto unanipanda. "Mume wangu aliliosha kwa maji hayo hayo miaka ishirini. Lilioza? Halikuoza!"

Mejumaa aliangalia sakafu, akaniangalia mimi, akainama tena kwenye brashi yake. Angenijibu ningemrudishia maneno kumi. Nikarudi nyumbani na maneno yangu kumi yote mdomoni.

Asubuhi ya siku ya tatu, siku ambayo Badawi alikuwa aje kutazama, niliamka nikapika mahamri na mbaazi za nazi, nikamchukulia. Nikasubiri ameze la kwanza.

"Mwanangu," nikamwambia, "Badawi akija, mwambie boriti nzima."

"Sijazifungua bado."

"Ndiyo maana nakwambia sasa."

Akafuta vidole. "Mahamri nitakula, Bi, na Mungu akubariki. Uongo sitausema. Gari hili litakubeba weye na sufuria za moto, si mimi." Akachukua la pili. Wallahi, nilitamani kumpokonya sahani. Nikatamani pia angekuwa binti yangu. Nikakaa kwenye kigoda changu, nikahesabu tasbihi, na kila punje niliyoivuta niliomba jambo moja tu: chuma kile kiwe kizima.

Badawi alikuja baada ya Alasiri, mikono nyuma. Mejumaa hakumpa maneno. Alichukua kinyundo kidogo, akagonga sakafu pale ulipopita mguu wangu. Ikalia kama boksi lililolowa. Badawi akanitazama. Mejumaa akagonga tena, hatua mbili mbele, mlio ule ule. Kisha akagonga boriti ya kulia, na boriti ikalia kama kengele.

"Mlio hautoshi," Mejumaa akasema. "Kuna boriti zinalia vizuri na ndani ni vumbi." Akabandua kizibo kidogo cha raba ubavuni mwa boriti, ambacho sikuwahi kujua kwamba kipo, akasokomeza humo waya mrefu wenye kitambaa nchani. Akauzungusha, akauvuta taratibu. Kitambaa kikatoka cheusi, kinang'aa mafuta, hakina hata chembe ya kutu. Akamwelekezea Badawi. "Nusa."

Badawi akanusa. Nikaona uso wa mtu mzima unavunjika.

"Baba," akasema.

Hapo ikanifikia na mimi. Papa! Harufu ile ile, imejaa gereji nzima, kama Khubaib ameingia mlangoni sasa hivi na kopo lake mkononi, anajifanya hanioni. Miaka tisa nilikuwa nimeitafuta sauti yake nisiipate, kumbe yeye mwenyewe alikuwa humu.

Mejumaa alifungua vizibo vyote sita. Boriti zote zilikuwa hivyo hivyo. "Huyu mzee alikuwa akimimina kila mwaka, tabaka juu ya tabaka," akasema, na sauti yake imebadilika. "Mafuta yameganda yakawa ngozi. Sijui nani alimfundisha. Mimi nimesomea kazi hii, na leo nimekuwa mwanafunzi wake. Hata sakafuni alipaka, tazameni, mabaki yako pembezoni. Ila hapa katikati yamesuguliwa yakaisha."

"Nani kayasugua?" Badawi akauliza.

Mejumaa alikuwa anajua. Aliokota nati moja, akaanza kuifuta kwa makini, na nati yenyewe ilikuwa safi. Binti yule alikuwa tayari kunisitiri mbele ya mwanangu, mimi niliyemwita bibi harusi.

"Mimi," nikasema. "Mimi, Badawi. Harufu ilikuwa inanikera. Miaka tisa naila gari ya babako kwa ndoo na brashi, nikidhani naitunza. Nikakulaumu weye, nikalaumu upepo wa bahari. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni." Nililia, na sioni haya kusema nililia.

Badawi akanishika bega. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakusema kama afisa wa forodha. "Mama, ahadi ni ahadi. Boriti nzima. Mdomo nimefunga."

Kazi iliyobaki ilichukua wiki mbili, na sikukosa siku. Mejumaa alikata sehemu mbili za sakafu zilizooza, akachomelea bati jipya, akapiga msasa mpaka ungeweza kujitazama. Akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mkono wa kwanza, akangoja, mkono wa pili, akangoja. Maungio yote akayaziba kwa kidole chake mwenyewe, kwa sababu, alisema, brashi haihisi tundu. Mwisho akaniuliza tupake nini juu ya rangi ile; yeye ana dawa ya nta ya kisasa isiyo na harufu.

"Na mafuta ya papa yanafaa?"

"Yanafaa. Mmeona wenyewe. Lakini wateja wako, Bi?"

"Wateja watakula biriani, hawatakula gari. Nipe brashi, Fundi."

Ilikuwa mara ya kwanza namwita hivyo. Akanipa brashi, tukapaka pamoja, yeye kulia na mimi kushoto. Kisha vitu vikarudi kutoka kwenye makopo, kila nati tunduni mwake, na hakuna hata moja iliyobaki. Nilipokuwa naondoka alinishika mkono kupitia dirishani. "Maji matamu tu, Bi Mwanakuu. Ya kisima usiyasogeze karibu."

Ijumaa iliyofuata nikamsikia Kahindi, muuza maji wetu, anapita na mkokoteni. Ametuuzia maji mtaani tangu nikiwa mwari. Nikamwita.

"Nipe majerikeni manne. Mawili ya jikoni, mawili ya kuoshea kombi."

Nilijua atanicheka, na nilikwisha kuandaa jibu. Hakucheka. Aliweka mkokoteni chini, akavua kofia.

"Mawili," akasema. "Kama marehemu."

"Marehemu aliacha zamani. Nilimkataza mimi."

Kahindi akakuna kichwa, akatazama ukuta, akatazama viatu vyake. "Hakuacha, Bi. Kila Ijumaa, mawili, mpaka wiki aliyougua. Tulikuwa tunayamimina kwenye ndoo zenu za kisima. Alikuwa akiniambia, Kahindi, zunguka uchochoro wa nyuma, Mwanakuu asituone."

Miaka ishirini nilikuwa nikimtazama dirishani na ndoo zile, nikijisifu kwamba mume wangu ananisikia.

Kahindi alikwisha kuinua majerikeni mawili na kugeukia uchochoroni, kwa mazoea.

"Wapi?" nikamwambia. "Pita mlango wa mbele."