Doa Lililohama na Nyota

Daktari Shivachi, msimamizi wa Adero chuoni, aliitazama ile picha ya darubini akakunja uso. "Hilo doa ni uchafu wa kamera. Lifute, tuendelee."

Adero hakulifuta. Machoni pake, ule weupe hafifu ulikuwa galaksi: pana kama hii yetu, ila nyota zake ni chache mno na zimetawanyika. Asubuhi iliyofuata alitoka kwao Gatwekera, Kibera, akatembea kwa miguu hadi Gatina, Kawangware, kwenye studio ya Kinyanjui, mpiga picha aliyekuwa akimruhusu kutumia kompyuta yake kabla wateja hawajaanza kuingia.

"Baba Wanja, wewe husafisha picha za zamani. Hili ni doa?"

Kinyanjui akainama kwenye skrini. "Siwezi jua na picha moja. Lakini uchafu wa kamera hauhami. Hata ugeuze kamera wapi, itakuwa tu kwa kona hiyo hiyo. Uko na zingine?"

Alikuwa nazo arobaini, za eneo lilelile la anga. Alizifungua moja baada ya nyingine mpaka macho yakamwasha. Kila darubini iliposogezwa, nyota zilihama kwenye picha, na ule weupe ukahama nazo.

Chuoni, Daktari Shivachi alizipitia zote. "Haya, ni galaksi. Lakini pengine ilikuwa ya kawaida, galaksi jirani ikaivuta ikatanuka."

"Ingevutwa ingeacha mkia wa nyota, Daktari. Nimeutafuta sijauona. Halafu imezungukwa na vishada ishirini na saba vya nyota, vingi mno kwa galaksi hafifu hivi. Nadhani ilianza kujengwa iwe kubwa, gesi ikaitoka mapema, nyota zikaacha kuzaliwa."

"Unadhani."

"Ndiyo maana nataka tuombe darubini kubwa. Tukipima mwendo wa vishada, tutajua uzito wake: kadiri vinavyokwenda kasi, ndivyo ilivyo nzito."

Ombi likakataliwa. Adero alilia kidogo, akanawa uso, akaandika upya. Mara ya pili walipewa muda wa saa tatu kwenye darubini hiyo. Vishada vilikuwa vikienda kasi: galaksi ile ilikuwa nzito kupita nyota zake zote kwa mbali, imeshikiliwa na maada isiyoonekana.

Daktari Shivachi bado anashikilia habari ya galaksi jirani. Makala waliiandika pamoja hata hivyo, jina la Adero likatangulia, na wiki hii Adero anaomba saa nyingine sita za darubini.