Mkia Usio na Mwisho

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza hata chembe ya chumvi, kuanzia leo ukuta wa bafu nitausugua mimi.

Nilistaafu ufundi saa nikiwa na macho mazima na ulimi usiojua kupumzika. Shule moja ilikuwa inatupa hadubini kuukuu. Nikaichukua, nikaitia mafuta, nikajifundisha mambo ya kuvu kwenye vitabu visivyo na majalada. Siku moja nikakwangua ukungu mweusi ukutani bafuni, nikautia tone la maji juu ya kioo, nikachungulia. Spora, yaani vijimbegu vya kuvu, zilikuwa za rangi ya zeituni, zimeshikana kama shanga. Na ile ya katikati ilikuwa na mkia. Mkia mweusi, mrefu hadi unatoka nje ya duara la lenzi. Nikasogeza kioo kwenye spora ya pili: nayo ina mkia, na ya kwanza imeshauficha wake. Kuvu yenye haya! Vitabuni haimo.

Nikamwita mke wangu. Nikamwambia hii ni spishi mpya na nitaipa jina lake, kwa Kilatini, ila ukuta usiguswe wala kurushiwa maji. Akaniuliza hilo jina litakuwaje. Nilipomtamkia, alitabasamu siku nzima. Basi tukaoga kwa ndoo uani miezi minne, na dada zake wote wakapigiwa simu.

Nikamwandikia mtaalamu wa kuvu wa makumbusho. Akajibu nipime spora thelathini. Nikapima hadi shingo ikakakamaa. Akajibu: na mkia una urefu gani? Nikamwandikia hauna mwisho. Akauliza mkia unatokea kwenye kovu, pale spora ilipokatikia kwenye kikonyo, au ubavuni. Nikatupa kalamu. Mtu unamwonyesha mtoto mchanga, yeye anataka kuhesabu kucha. Nikaiokota, nikachora tena, nikakosea, nikachana. Kila asubuhi mke wangu anapita na ndoo.

“Kilatini changu kimefika wapi?”

“Bado, mama watoto. Wanakagua makovu.”

Mwisho mtaalamu akaja mwenyewe, mama mfupi mwenye sauti ya upole. Akaweka michoro yangu mezani, akauliza inakuwaje spora thelathini zimelala kila moja na upande wake, lakini mikia yote inaelekea kulia. Nikamwambia ndivyo zilivyoumbwa. Akainama kwenye hadubini, akaizungusha lenzi ya juu taratibu. Mkia ukazunguka kama mshale wa saa. Spora ikabaki palepale.

“Mzee, huu ni unywele,” akasema. “Walimu huubandika ndani ya lenzi ili mwanafunzi ajue pa kutazama.”

Kuvu yenyewe, akaeleza, ni Cladosporium, ile ya bafu la kila mtu, na jina ilishapewa kabla babu yake hajazaliwa.

Nikashika kichwa. Nikawalaumu walimu, nikailaumu shule, nikalaumu hata vitabu. Mke wangu hakunisaidia kulaumu. Alisimama mlangoni na ndoo yake kama mtu aliyeporwa mchana kweupe.

Mtaalamu akafungua lenzi, akaichokoa kwa sindano, akaudondosha unywele juu ya karatasi. Akasema ajabu, kwenye mwanga ulionekana mweusi, kumbe ni mvi. Tena umegandishwa kwa rangi ya kucha.

Mke wangu akatua ndoo. Akautazama unywele, akazitazama ndevu zangu.

“Rangi yangu nyekundu,” akasema. “Ile uliyoniambia imemwagika.”

Sasa ningesema nini? Unywele wa shule ulidondoka mwezi wa pili wa kuoga uani, na siku hiyohiyo nikaelewa kila kitu. Lakini dada zake walishaambiwa, na yeye alishaanza kuliandika lile jina pembeni mwa magazeti. Mtu aliyebandika mishale ya saa maisha yake yote, unywele mmoja wa kidevu utamshinda?

Nilidhani nikishaandika hayo nimesamehewa. Ila mke wangu amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma.

“Ilikuwa miezi sita, si minne.”

“Nimepunguza tu, bibie. Kupunguza si kuongeza.”

“Na sikutabasamu siku nzima. Nilitabasamu mara moja.”

Chembe ya chumvi ndiyo hiyo. Brashi ameshaileta, ameiweka juu ya karatasi hii hii, na sabuni iko kwenye ile ndoo.