Mnada wa Saa ya Baba

Wanasema mimi ndiye niliyelikosesha kanisa saruji. Waseme. Hasira yangu haijaisha, na sina mpango wa kuimaliza hivi karibuni.

Ile saa niliitambua mara tu picha ilipoingia kwenye kundi la WhatsApp la kigango chetu. Nilikuwa dukani kwangu Runazi, natoa fotokopi, nikamwacha mteja amesimama na karatasi yake mkononi. Saa ya Uswisi, ya chuma, uso wa bluu, na kwenye mfuniko wa nyuma mkwaruzo mrefu pale fundi alipoteleza na kisu. Mkwaruzo ule nilikuwa naupitishia kidole nikiwa mtoto, nimekaa mapajani kwa baba.

Baba yangu, Mzee Philbert wa Kasulo, alikuwa dereva wa mhandisi mmoja mzungu miaka ile ya wakimbizi. Mhandisi alipoondoka alivua saa yake akampa. Haikuwa na betri. Ilijitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Ukiivua ukaiweka kabatini, baada ya siku chache unaikuta imesimama. Baba aliivaa hata akienda kupalilia mihogo. Kisha mimi nikafaulu kwenda sekondari, ada ikakosekana, akaiuza kwa tajiri mmoja wa Biharamulo kwa bei ya kutupa.

Watu walimcheka. Mwanamume mzima anavua saa ili msichana akasome! Jirani yetu Sostenes ndiye alikuwa kinara. Kila wakikutana kwenye pombe: "Philbert, saa ngapi?" Halafu kilabu kizima kinaangua kicheko. Baba akaacha kwenda kilabuni. Mpaka uzee huu, shati la mikono mifupi hulioni mwilini mwake.

Aliyeitoa saa mnadani ni Rogasian, mtoto wa yule tajiri, ambaye siku hizi ana malori na jina kubwa. Mwalimu Gozbert, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, aliandika kwamba saa imetumika lakini iko vizuri, mnada ni wa mtandaoni, mwenye dau kubwa ndiye mshindi, na fedha zote ni za bati za kanisa.

Nikaingia. Mtu wa Mwanza alipanda, nikapanda juu yake. Mtu wa Dar akaweka milioni. Nikaweka milioni na laki mbili, hela niliyokuwa nimeitunza ninunue friji la duka. Hakuna aliyepanda tena. Kisha ikaja sauti ya Mwalimu Gozbert, amejirekodi kwa furaha: "Hongera binti yetu Anneth! Amenunua saa, na atamkabidhi mgeni rasmi siku ya harambee! Vigelegele!"

Vikamiminika, vigelegele na makofi ya njano na maua. Na mgeni rasmi alikuwa nani? Rogasian.

Yaani mtu anatoa saa, anasifiwa kwa kutoa. Mimi nalipa. Saa inarudi kwake, anasifiwa tena kwa kupokea. Niliandika, "Mimi sijasema hivyo," ujumbe wangu ukazikwa chini ya maua. Nikapiga simu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umetuheshimisha sana."

"Mwalimu, ile saa nimemnunulia baba."

Akacheka. "Anneth, si umekulia kanisani wewe? Nani amewahi kununua jogoo wa mnada akaondoka naye kwapani? Unanunua, unampa mgeni, au unamrudishia aliyetoa. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Mliandika mshindi. Sasa mimi nimeshinda nini?"

"Baraka," akasema. "Na mgeni ameahidi saruji ya sakafu. Tafadhali usituharibie."

Desturi naijua. Nimewahi kununua yai kanisani, nikalirudisha, likauzwa tena, likarudishwa tena, mpaka likapasukia mkononi mwa katekista. Sikunung'unika, kwa sababu lilikuwa yai. Lakini hela nilishatuma, na saa ilikuwa kwa Mwalimu, kwa hiyo nilipanda pikipiki hadi Kasulo kumweleza baba. Nilitegemea atakasirika pamoja nami.

"Waachie, mwanangu," akasema taratibu, akivuta mkono wa shati. "Tusionekane watu wa fujo."

Hilo liliniuma kuliko yote. Miaka yote hiyo, bado wanamtia aibu yeye badala ya wao kuona aibu.

Jumapili ya harambee, Rogasian aliketi mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, na saa yake nyingine ya dhahabu mkononi, kubwa kama kifuniko cha birika. Baba alikuwa nyuma kidogo, amefunga vifungo vya mikono. Mwalimu Gozbert akaniita, akanikabidhi kiboksi kilichofungwa karatasi ya zawadi. Nikaichana karatasi palepale. Saa ilikuwa imesimama. Hata kuivaa hawakuivaa!

Nikampita mgeni rasmi. Nikaenda kupiga magoti mbele ya baba.

"Baba, leta mkono."

"Anneth, watu wanaangalia."

"Waangalie."

Nikamfungua kifungo, nikamvalisha. Mkono ulikuwa umekonda, saa ikamlegea. Mwalimu Gozbert hakosi la kusema. "Naam! Tumeona heshima ya wazee!" akapaza sauti kwenye kipaza sauti. "Na sasa Mzee Philbert mwenyewe atamvalisha mgeni wetu!"

Makofi. Rogasian akatabasamu, akapandisha mkono wa koti upande usio na saa. Baba akainuka. Nilimwona akienda, kichwa kimeinama vilevile alivyowaendea watu wa namna ile maisha yake yote, nami nikajiandaa kupiga kelele, hata kama ningefungiwa sakramenti.

Alipofika, Rogasian akanyoosha mkono. Baba akaushika kwa mikono yake miwili, akausalimia. Akautikisa sana, saa ikicheza mkononi.

"Asante mwanangu," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapishi nje. "Wewe na marehemu baba yako mmenitunzia vizuri."

Akageuka, akarudi kuketi. Mkono wa Rogasian ulibaki hewani kidogo, kisha akauteremsha pamoja na koti lake. Mwalimu Gozbert alishika kipaza sauti bila neno, na hilo sijawahi kuliona.

Ndipo kutoka benchi la wazee, sijui kwa mazoea au kwa ubishi, Sostenes akapaza sauti: "Philbert! Saa ngapi?"

Baba akainua mkono juu, kila mtu auone. Akaitazama saa, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kutembea tena.

"Saa nne kasoro," akasema.

Jua lilikuwa limeshavuka utosi. Hakuna aliyecheka.