Kaya Iliyoambiwa Ingoje

Bwana Mdoe, afisa wa vitambulisho pale Korogwe, alikuwa anakula hindi la kuchoma, na kila akimaliza mstari wa punje ndipo anafunua karatasi nyingine. Swaumu alikaa mbele ya meza na bahasha yake ya nailoni mapajani. Alikuwa amepata kazi ya uuguzi kwenye zahanati moja huko Kabuku, na zahanati ilitaka namba ya kitambulisho kabla mwezi haujaisha. Asipoipeleka, nafasi anapewa mwingine.

“Babu yako alitokea wapi?”

“Burundi. Alikuja kukata mkonge.”

“Na baba yako kazaliwa wapi?”

“Hapahapa, kambini Mkumbara. Bibi alikuwa anasema ni mwaka wa sensa ya sitini na saba.”

“Bibi zetu wote wanasema,” alijibu Mdoe, akachomoa punje kwenye jino. “Nenda Handeni, kwenye stoo ya karatasi za zamani. Nikimwona baba yako ndani ya kaya ya babu yako kwenye sensa ile, wewe ni wetu. Nisipomwona, wewe ni mgeni wetu. Na wageni tunawapenda sana.”

Swaumu hakubishana. Sensa anaijua. Iliyopita alikuwa karani yeye mwenyewe, kazunguka kwao Kwamndolwa na kishikwambi kifuani akiuliza nani kalala hapa usiku wa kuamkia leo. Alihesabu mpaka mlevi aliyelala kwenye kibanda cha mbuzi. Wakati ule hakuna aliyemuuliza habari za babu.

Stoo ya Handeni ilitunzwa na Mama Serafina, Msambaa mnene aliyekuwa akifuma kitambaa cha kochi. Alisikiliza shida, akaingia baina ya marundo, akarudi ameshika karatasi moja kwa upindo wa kanga, kama mtu anayeipua sufuria.

“Taratibu, ya moto hii,” alisema. “Zilizofungwa zinapoa. Hii karani hakuweka sahihi chini.”

Swaumu aliinusa. Ilinuka moshi wa kuni na mihogo ya kuchemsha. Mkuu wa kaya: Sadala. Mke: Hajira. Mistari mingine ilikuwa mitupu.

“Baba hayumo.”

“Basi kawaulize wenyewe. Kaya haijafungwa, wataenda wapi? Chumba cha mwisho kambini. Karatasi siwezi kukupa, haitoki humu. Na usiende umeshiba, yule bibi yako analazimisha watu kula.”

Kwamba Sadala na Hajira walizikwa Kwamndolwa, na baba yake Swaumu ndiye aliyeingia kaburini kuwapokea, hilo halikuleta utata. Mtu anaweza kufa vizuri tu, akazikwa, na bado akawa hajamaliza kuhesabiwa.

Jumamosi wakaenda Mkumbara: Swaumu, baba yake Mzee Ramadhan, na Bwana Mdoe, aliyekubali kwa sharti la kununuliwa soda njiani. Kambi ilikuwa imekwisha. Majani yalitokeza madirishani na kuta zilikuwa zinarudi kuwa udongo polepole, bila haraka. Chumba cha mwisho tu kilikuwa na bati, moshi, na mlango wenye namba ya sensa kwa chaki nyeupe, mbichi kabisa.

Alifungua kijana wa miaka ishirini na kitu, mikono imechanwachanwa na miiba ya mkonge. Alipomwona Mzee Ramadhan na mvi zake, akainama kwa adabu.

“Shikamoo mzee.”

“Shikamoo baba,” alisema Mzee Ramadhan saa ileile.

Salamu mbili zikagongana mlangoni, ikawa hakuna wa kuzipokea. Hatimaye Swaumu akasema marahaba kwa niaba ya wote, wakaingia.

Hajira alikuwa jikoni pembeni, msichana mdogo kuliko Swaumu, na tumbo lake limetangulia mbele. Aliwamiminia chai ya rangi, akawawekea mihogo, akamtazama Ramadhan kwa muda.

“Huyu mzee ana masikio ya baba yangu,” alisema, akamwongezea mhogo.

“Karani wenu alienda wapi?” aliuliza Mdoe.

“Wino ulimwishia,” alisema Sadala. “Akatuambia mtu asitoke wala asiongezeke mpaka nirudi.”

“Na nyie mkangoja tu! Miaka yote hii?”

“Nyapara akisema ngoja, tunangoja. Na nyapara anakuja pekupeku. Huyu alivaa soksi.”

Mdoe alikubali kwamba soksi ni jambo zito. Akatoa karatasi zake, akaandika kwamba mkuu wa kaya yupo na mke yupo. Akatazama chumba kizima, hadi chini ya kitanda.

“Baba wa mwombaji simwoni.”

“Si mimi hapa?” alisema Mzee Ramadhan.

“Wewe umekuja na gari asubuhi hii, mzee wangu. Hukulala hapa.”

Hajira akaweka mkono tumboni. “Basi huyu hapa. Huyu kalala hapa.”

“Tumbo halihesabiwi, mama.”

Tumbo likapiga teke. Kikombe cha Mdoe kikaruka kutoka kwenye kisosi, chai ikamwagikia karatasi. Mdoe aliikung’uta taratibu. “Ana nguvu, hongereni,” alisema, kisha akaandika kwenye sehemu kavu: hajaonekana.

“Azaliwe ndipo mje,” aliongeza.

“Sitajifungua kabla ya karani kurudi,” alisema Hajira. “Alisema pasiongezeke mtu.”

Swaumu aliweka kikombe chini. “Karani nipo. Nawahesabu upya, naweka sahihi kwenye karatasi ya Handeni, kaya inafungwa, bibi anajifungua, baba anaonekana.”

“Sahihi ya karani lazima iwe ya raia,” alisema Mdoe.

“Na nilipohesabu Kwamndolwa yote, sahihi ilikuwa ya nani?”

Mdoe alipuliza chai mpya aliyomiminiwa. “Wakati ule tulikuwa na haraka.”

Hakuna aliyepaza sauti. Mzee Ramadhan aliomba ruhusa, akapiga magoti kwa shida, akaweka sikio kwenye tumbo la mama yake. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha mlango kikamfikia miguuni.

“Anasemaje?” Swaumu alimuuliza.

“Nimelala,” alijibu baba yake. “Msiniamshe.”

Mwezi ukaisha, na Kabuku wakampa kazi msichana mwingine. Mdoe akampigia simu Swaumu mwenyewe, kiungwana sana, kumwambia kwamba maombi yake hayajakataliwa, asubiri. Swaumu alipoufikisha ujumbe Mkumbara, Sadala alimsogezea kigoda.

“Aliyesema huvaa soksi?”

“Huvaa, babu.”

“Basi kaa.”

Asubuhi moja Swaumu alikuta namba ya chaki kwenye mlango wao wa Kwamndolwa. Aliisugua kwa kitambaa kibichi, ikazidi kung’aa. Akarudi ndani akamimina chai, akakaa kuipuliza. Tangu siku hiyo jirani akipita humwona pale mezani, anaonja kidogo, anakunja uso, anakirudisha kikombe mezani. Bado inaunguza.