Nyoka wa Nyumbani kwa Baba

Lyle Hollenbeck alikuwa mwoga wa nyoka tangu utotoni, na si woga ule wa kuruka kidogo kisha ukacheka. Ni woga wa kukata miguu. Hata picha ya nyoka gazetini aliifunika kwa kikombe. Sasa mtu huyo huyo, fundi wa mapaa anayetembea juu ya nyumba za mji wa Dayton, Marekani, kama paka, alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi wa mnada wa nyoka wa kufugwa, uliojaa nyoka ukuta hadi ukuta, na usoni amejibandika tabasamu.

"Baba, mbona unatoka jasho?" akauliza binti yake, Brenna.

"Joto la humu ndani, mama."

Nje theluji ilikuwa bado haijayeyuka.

Shida yenyewe alijitakia. Tangu aachane na mkewe, Brenna alikuwa akija kwake Jumamosi moja na kuruka ya pili. Baada ya Krismasi hata hizo zikaanza kukatika: mara mafua, mara sherehe ya rafiki. Kisha mama yake akapiga simu, akasema kwa upole uliouma kuliko matusi kwamba mtoto sasa amekua, hawatamlazimisha tena. Akitaka kuja atakuja. Usiku huo Lyle hakupata usingizi. Kwa hiyo Brenna alipomwambia anatamani kufuga nyoka, na mama yake hataki hata kusikia, Lyle hakusubiri kufikiri. "Atakaa kwangu! Mimi mwenyewe nilifuga nyoka nikiwa mdogo." Brenna akacheka kwa furaha, kicheko ambacho Lyle alikuwa hajakisikia kwa muda mrefu, na baada ya hapo angerudi nyuma vipi?

Walipita katikati ya meza. Nyoka wadogo walikuwa kwenye makopo ya plastiki yenye matundu, wamepangwa kama makopo ya supu ya kununua na kuondoka nayo. Jamaa mmoja alipita na chatu shingoni huku akila soseji, tomato sosi ikimdondokea kidevuni, wala hana habari. Lyle akajibana kwenye meza ya muuza fulana mpaka ikasogea.

"Baba! Njoo umwone huyu!"

Alikuwa chatu mdogo, mweupe pe, macho ya buluu. Aliyekuwa nyuma ya meza ni mama wa makamo, mnene, nywele amezisuka mkia mmoja, na kifuani kibandiko kilichoandikwa Peg.

"Mrembo, na anajijua," Peg alisema. "Tangu Sikukuu ya Shukrani, ile ya Novemba, hajatia kitu mdomoni. Si mgonjwa. Chatu wa aina hii akinuna, ananuna miezi. Mzoefu anangoja tu. Mgeni atakuwa ananipigia simu kila siku akilia. Ni mara yenu ya kwanza kufuga?"

"Mimi ndiyo," Brenna akasema. "Ila baba alishafuga."

"Ehee! Safi sana, bwana. Wako alikuwa wa aina gani?"

"Wa… wa kijani," Lyle akasema.

"Alikuwa anakula vizuri?"

"Sana! Alikuwa hachagui." Lyle alihisi kijasho kikimteremka mgongoni. Peg bado alikuwa anamtazama, anangoja. "Kabichi. Na karoti, siku za sikukuu."

Muuzaji wa meza ya pili alipaliwa na kahawa.

"Huyo alikuwa sungura, bwana wangu," Peg akasema.

Lyle alijaribu kucheka. Brenna hakucheka. Alikuwa amelirudisha kopo mezani, taratibu, na kumtazama baba yake kwa macho yale yale ya mama yake siku ya kufungasha mizigo.

"Hukufuga."

"Sikiliza, mwanangu…"

"Hukufuga nyoka yeyote. Umenidanganya." Akamgeukia Peg. "Samahani, mama. Hatununui."

Lyle aliziona Jumamosi zote zikiondoka, moja baada ya nyingine, na yeye jikoni kwake na sahani moja. Ikawa ajabu: katikati ya nyoka wote wale, alimwogopa mtoto.

"Ngoja kwanza, binti," Peg akasema. "Nyoka angekaa wapi?"

"Kwa baba."

"Na wewe?"

"Kwa mama. Kwa baba naenda Jumamosi moja moja." Brenna akainama. "Nikienda."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Lyle pahali pake hasa.

"Basi umekuja kujichagulia nyoka wakati atakayekaa naye si wewe," Peg akasema. "Mfugaji mgeni siyo wewe. Ni huyu. Nyoka ataamka naye, atalala naye. Na mimi simpi mtu nyoka kabla hajamshika mbele yangu."

Brenna akamwangalia baba yake tena. Mikono ya Lyle yote miwili ilikuwa imezama mifukoni.

"Unaogopa kiasi gani?"

"Nikikwambia utanicheka."

"Sicheki."

"Kiasi cha kutaka kukojoa."

"Sasa kwa nini, Baba?"

Ukweli ulikuwa mgumu kuliko kabichi. "Kwa sababu nilijua akiwa kwangu utakuja. Wewe usipokuja nyumba inanishinda, mwanangu. Sikujua niseme vipi."

Brenna alifuta pua kwa mkono wa koti, akageuka, akaanza kumhoji Peg kama anayemnunulia mzee wake gari: asiwe mkali, asiwe wa kukua mkubwa, asisumbue kula, asimtie mtu presha. Peg akatoa nyoka-mahindi, aina ndogo isiyo na sumu, aliyekwisha kukomaa, rangi ya bati lenye kutu, jina lake Biskuti. Aliyemlea alikuwa amekwenda chuo.

"Si mrembo," Peg akasema, "lakini panya wa friza ukishamyeyusha kwenye maji ya moto, huyu hajawahi kumkataa. Haya, bwana. Mikono."

Lyle aliitoa mifukoni, mmoja mmoja. Brenna akaingiza viganja vyake chini ya viganja vya baba yake, Peg akamlaza Biskuti juu. Alikuwa mkavu, jambo ambalo Lyle hakulitarajia, na mzito kidogo, na alitambaa taratibu kuelekea kwenye mkono wa shati kutafuta giza. Lyle alifumba macho. Hakupiga kelele, ingawa sauti fulani nyembamba ilimponyoka.

"Anajificha," Brenna akanong'ona. "Baba, na yeye anakuogopa."

Peg alimtia Biskuti kwenye mfuko wa kitambaa, akaufunga fundo. "Leo mtieni kwenye tangi la kioo la kumfugia, mfunike, mumwache. Msimshike wiki nzima. Azoee nyumba kwanza. Jumamosi ijayo ndiyo umlishe, bwana, umshike siku mbili baadaye."

Lyle aliubeba mfuko mbali na mwili mpaka garini. Jumamosi ijayo atakuwa peke yake na kibanio cha kulishia, na panya, na kile kitu. Alitia ufunguo lakini hakuwasha.

"Nitakupigia simu nikimlisha," akasema. "Utanielekeza."

"Simu ya nini? Nitakuja."

"Jumamosi ijayo si zamu yako, mama."

"Najua," Brenna akasema, akauchukua mfuko, akaupakata. "Endesha."